Gauni la bibi harusi aliyepungua

Kijana anayeongoza kikundi chetu cha maigizo alinipigia simu usiku, cherehani nimeshaizima na kuifunika. "Anti, nina kazi ndogo tu. Tafuta gauni lolote jeupe la harusi, ulichanechane, ulimwagie chai, basi." Nikamuuliza ni la mchezo gani. Akasema la Bi Havisham. Nikamwambia anipe wiki sita, na asimwambie mtu yeyote kwamba ni kazi ndogo.

Kwa asiyemjua, Bi Havisham ni yule mwanamke wa kwenye Great Expectations, riwaya ya Charles Dickens iliyotoka kidogo kidogo kila wiki kwenye jarida lake mwenyewe, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Siku ya harusi, akiwa katikati ya kuvaa, analetewa barua: bwana harusi haji. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika ishirini. Anasimamisha saa zote za nyumba kwenye dakika hiyo, anaziba mwanga wa jua, na lile gauni halivui tena. Keki inaozea mezani, miaka inapita, naye yumo ndani ya nguo ileile hadi Pip, mtoto wa kijijini, anapoletwa nyumbani kwake acheze mbele yake.

Mimi nikisoma kitabu kwa ajili ya kazi nakisoma vibaya. Hadithi inanipita, natafuta pindo. Nilikaa na sura ya 8, penseli mkononi, nikipiga mstari kila palipotajwa nguo, na penseli haikupumzika. Satini, lesi, hariri, vyote vyeupe. Kiatu kimoja mguuni, kingine kiko mezani karibu na mkono wake. Shela limepangwa nusu. Saa na mkufu wake hajavaa. Lesi ya kuweka kifuani imelala mezani pamoja na glovu, leso, maua na kitabu cha sala, vyote vimerundikana mbele ya kioo. Soksi ya mguu usio na kiatu, iliyokuwa nyeupe, sasa ni ya manjano na imekanyagwa hadi imechanika. Mapambo ya gauni yanafanana na karatasi iliyotoka udongoni.

Halafu nikafika penye sentensi iliyonifanya niweke kitabu chini na kuchukua tepu. Pip anaona kwamba gauni lile lilivishwa mwili wa mviringo wa mwanamke kijana, na kwamba mwili linaloning'inia sasa umekwisha, umebaki ngozi na mifupa.

Nikajua hapo kwamba nguo ya kununuliwa na kuchanwa haitafaa hata kidogo. Kwanza ilibidi nimshonee mwanamke ambaye hayupo tena, nimshonee vizuri kabisa kama anaolewa kweli. Kuharibu kungefuata.

Basi ugomvi wetu wa kwanza na mwongozaji ukawa wa sketi. Alinitumia picha za magauni yenye sketi pana kama kengele, zile zinazosimamishwa na pete za chuma kwa ndani. Mazuri, ila ni ya miaka ya 1850 na 1860, wakati Dickens alipokuwa anaandika. Hadithi yenyewe inatokea nyuma zaidi. Kitabu hakitaji mwaka, lakini kinadondosha dalili kwa mtu mwenye subira. Pip akiwa bado mtoto, mgeni mmoja anampa shilingi iliyofungwa ndani ya noti mbili za pauni moja moja. Benki Kuu ya Uingereza ilianza kutoa noti za pauni moja mwaka 1797, ikaziondoa mwaka 1821. Kwa hiyo utoto wa Pip uko humo katikati. Baadaye, wakiwa tayari vijana London, rafiki yake Herbert anamsimulia kwamba harusi ile ilivunjika miaka 25 iliyopita. Ukipiga hesabu unaangukia mwishoni mwa karne ya 18, na fasheni ya huko ni nyingine kabisa: kifua kimebana, mikono inaishia kwenye kiwiko, sketi imefunguka mbele ikionyesha gaguro lililo chini yake, na shingoni panajazwa kitambaa chepesi au lesi kufunika kifua.

Nilimweleza haya kwa simu, nadhani dakika kumi nzima. Akanyamaza, kisha akasema, "Anti, nani atajua?"

"Mimi nitajua," nikamwambia.

Na nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia siku ile. Magauni mengi ya wakati ule hayakuwa na vifungo mbele. Yalifungwa kwa pini, pini nyoofu kama hizi ninazozibana mdomoni kila siku nikifanya kazi. Sasa fikiria mwanamke aliyeletewa barua katikati ya kuvaa. Pini zitakuwa zimefika wapi? Nilizianzia kiunoni nikapanda nazo juu, moja kila sentimita tatu, nikaishia chini kidogo ya matiti. Kutoka hapo kwenda juu gauni liko wazi kidogo, na ile lesi ambayo ingepafunika iko mezani. Saa imesimama, na pini zimesimama nayo. (Kwa wanaouliza usalama: ncha za pini zilikatwa kwa koleo na kushonewa kwenye kitambaa. Kazi ya kulishika gauni inafanywa na kulabu tisa zilizojificha chini. Sijamchoma mwigizaji yeyote tangu nianze kazi hii, na sitaki kuanza leo.)

Mwigizaji wetu ni mama wa makamo ya juu, mwembamba, mrefu, mwenye sauti inayofika mlango wa nyuma bila kupaza. Mabega sentimita 38, kifua 84, kiuno 70. Nikaamua Bi Havisham wa asubuhi ile alikuwa na kifua 98 na kiuno 80. Nikachora patani kwa vipimo hivyo, nikaongeza na mabega yafike 42 ili viende pamoja, nikakata gauni la majaribio kwa amerikani, nikapiga bandi, nikamwita.

Alivaa, akasimama mbele ya kioo, akajigeuza. Mabega yalidondoka hadi kwenye mikono. Shingo ya nyuma ilikaa kama ndoo. Kila akiinua mkono gauni zima lilipanda nao.

"Mwanangu," akasema, "hili si gauni langu. Nimeazima kwa jirani."

Alikuwa amesema kweli tupu. Palikuwa na upana lakini hapakuwa na kupungua. Gauni kubwa na gauni lililomzidi mwenyewe ni vitu viwili tofauti, na mimi nilikuwa nimeshona cha kwanza. Nilianza kubana pini huku na kule nikitafuta kosa, yeye akawa ananitazama kwenye kioo. Akaniambia mwaka fulani aliugua akapungua kilo 14 kwa miezi michache. "Blauzi zangu mabegani zilinikaa vilevile. Ungeniona kwa nyuma usingejua. Palipobaki wazi ni hapa," akagusa chini ya kwapa, "na hapa," akagusa kifua, "na hapa," akashika mkono wa juu, pale panapokuwa na nyama. "Mifupa haipungui, mwanangu."

Nilitoa pini zote mdomoni nikakaa chini. Miaka yote hii nashona, na hesabu hiyo sikuwahi kuipiga.

Patani ya pili niliichora usiku uleule. Mabega yakarudi 38, mgongo wa juu ukarudi kwenye kipimo chake halisi, shingo ikakaa. Upana wote wa ziada nikaupeleka mahali penye nyama: kifua, ubavu, kiuno, mkono wa juu. Na hapo kwenye kifua nikafanya kitu ambacho mafundi wenzangu watanicheka, kwa sababu kazi yetu ya kila siku ni kuhakikisha nguo haifanyi hivyo. Nilikiachia kifua umbo la matiti ambayo hayapo. Bitana mbili, na katikati yake kile kitambaa kigumu cha gundi kinachobandikwa kwa pasi, cha kwenye kola za mashati. Ubavuni nikapitisha tai za plastiki za kufungia nyaya badala ya mifupa ya gauni, vile vijiti vya kulisimamisha. Zinapinda kwa urahisi, hazishiki kutu, na ukizikata ncha ukaziyeyusha kidogo kwa moto hazitoboi kitambaa. Gauni likawa linasimama lenyewe. Ukilitundika bila mtu unaona mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mnene kiasi, amenyoosha mgongo. Mwigizaji akiingia ndani yake, huyo mwanamke anabaki nje na yeye anakuwa ndani, na kati yao kuna nafasi ya kupitisha kiganja.

Sketi sitaieleza sana. Mapande manne, marinda madogo madogo ya kushonwa kwa mkono kiunoni, mito miwili ya nyonga chini yake, siku tatu za kazi, vidole viwili vilivyovimba.

Nije kwenye aibu yangu. Kitambaa nilikuwa nimekwisha kununua mapema, mita tisa za satini nyeupe inayong'aa, na muuzaji aliniapia kwamba ina hariri. Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Nilikata, nikashona gauni lote, nikamaliza hadi mapindo ya mkono. Ndipo nikachemsha sufuria kubwa ya majani ya chai, nikachuja, nikalizamisha gaguro kwanza kama majaribio, nikaliacha saa tatu. Lilipotoka lilikuwa la rangi nzuri ya asali. Nikalisuuza mara moja na maji safi, na rangi yote ikaenda zake na maji. Gaguro likabaki jeupe linanichekea.

Nikakata uzi kidogo kutoka kwenye pindo, nikaushika kwa koleo, nikauwasha. Ukanywea, ukadondosha tone jeusi, tone likapoa likawa gumu kama shanga. Polista. Hariri ingenuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kidoleni, na pamba ingenuka karatasi. Kipimo hiki nimewafundisha wanafunzi wangu wote, na mimi mwenyewe sikukifanya kwa sababu muuzaji alikuwa na maneno matamu.

Kwa nini chai inagoma? Rangi ya chai hushika nyuzi za mimea na za wanyama, pamba, kitani, hariri, sufu, hata nailoni inaikubali. Polista haina pa kuishikia. Ni plastiki iliyosokotwa, na kwa rangi yake inahitaji dawa maalumu na moto mkali. Nilifikiria kuipaka rangi ya ukutani iliyozimuliwa. Nilifikiria pia kulia. Mwishowe nililifumua gauni zima, nikatumia mapande yale kama patani, nikalikata upya kwa satini ya pamba ambayo haing'ai sana lakini inakunywa chai kama mtu aliyetoka safari. Polista sikuitupa. Nikaifanya gaguro la ndani kabisa, lile lisiloonekana isipokuwa mwigizaji akikaa na kuvuka mguu. Hapo, kwa nusu sekunde, unaona weupe wa siku ya harusi. Watu wakinisifia hilo nasema asante, siwaelezi lilivyotokea.

Kuchakaza nguo ni kazi yenye akili kuliko kushona, na nasema hivyo nikiwa na mapenzi yote na cherehani yangu. Mtu asiyejua anachukua mkasi anakata matundu popote. Nguo haichakai popote, inachakaa pale mwili unapofanya kazi. Kwa hiyo nilikaa na daftari nikajiuliza mwanamke huyu anafanya nini siku nzima. Anakaa kwenye kiti, kwa hiyo makalio na nyuma ya mapaja, na viwiko vinavyoegemea mikono ya kiti. Anatembea akizunguka meza ya keki huku ameegemea fimbo, kwa hiyo pindo la mkono wa kulia linasuguliwa na mpini wa fimbo (kitabu hakisemi ni mkono upi, mwigizaji wetu ni wa kulia). Ana tabia ya kuweka mikono yote miwili upande wa kushoto wa kifua akimuuliza Pip anagusa nini, kijana anajibu "moyo wako", naye anasema umevunjika. Kama amefanya hivyo kwa robo karne, pale pana mafuta ya viganja na kitambaa kimeisha.

Na kiatu kimoja! Hili lilinijia nikiwa naosha vyombo. Mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja anachechemea, na upande usio na kiatu gauni linashuka, labda sentimita nne kwa kisigino cha wakati ule. Pindo la upande ule linaburuta sakafuni kila hatua. Upande wa kiatu limeinuka, limebaki na lesi yake. Tukakubaliana na mwigizaji kwamba mguu mtupu ni wa kushoto. Nikalisugua pindo la kushoto kwa msasa hadi nyuzi zikatoka kama ndevu, kisha kwa brashi ya waya, kisha kwa kile kikwaruzo cha bati cha karoti. La kulia nikaligusa kidogo tu.

Rangi ilikwenda kwa hatua. Chai kwanza, nguo ikiwa imekunjwakunjwa na kufungwa kamba ili ikolee hapa na ififie pale. Kitabu kinasema jua halikuingia chumbani, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya mabega kupauka. Badala yake moshi wa mishumaa na vumbi huketi juu ya mabega na juu ya mapaja ya mtu aliyekaa, na hapo ndipo nilipozidisha. Kwa uchafu wa sakafuni nilitumia dawa ya zamani kuliko mimi na wewe: misumari yenye kutu iliyolala kwenye siki siku nne. Chovya brashi, pitisha juu ya kitambaa kilichokwisha kunywa chai, usimame utazame. Mwanzo hakuna kitu, maji tu. Halafu kijivu kinaanza kutokea kutoka ndani ya nyuzi, kinatambaa, kinakolea hadi kuwa karibu na weusi wa wino. Na ni wino kweli, chuma kikikutana na ukakasi wa mimea ndivyo wino wa kuandikia ulivyotengenezwa Ulaya kwa karne nyingi. Nililirudia pindo lote kwa namna hiyo, brashi moja baada ya nyingine, hadi usiku wa manane, kwa sababu sikutaka kuacha kutazama. Hasara yake ni kwamba chuma hula kitambaa polepole. Kwa gauni hili hiyo ni faida.

Mwongozaji alitaka utando wa buibui. Nikakataa. Utando uko kwenye keki na mezani, kitabu kimeuweka huko, na mwanamke anayetembea hapigwi utando. Alininunia siku mbili.

Kisha tukaingia ukumbini kwa mazoezi ya taa, na gauni langu likawa jeupe.

Sitanii. Wiki ya chai, siki na msasa, na mwigizaji akatokea chini ya taa za rangi ya kaharabu zilizowekwa kuiga mishumaa, akawa bibi harusi safi aliyetoka kwa fundi asubuhi ileile. Mwanga wa manjano ukipiga kitambaa cha manjano na kitambaa cheupe, jicho haliwezi kuvitofautisha. Jambo hili nililijua kwa vitabu. Mwigizaji wa Uingereza Ellen Terry alipocheza Lady Macbeth, wa kwenye mchezo wa Shakespeare, London mwaka 1888, Alice Comyns-Carr alimbunia gauni la kijani lililoshonewa mabawa magumu ya mbawakawa wapatao elfu moja ili limetemete jukwaani kama ngozi ya nyoka. Watu wale waliwaza mwanga kabla ya kuwaza kitambaa. Gauni lenyewe bado lipo, limehifadhiwa kwenye iliyokuwa nyumba ya Terry, Smallhythe Place, Uingereza. Mimi niliwaza kitambaa nikaisahau taa.

Dawa yake ni giza. Manjano yakipotea, kivuli kinabaki. Nikalirudisha gauni nyumbani, nikalivisha sanamu, na kwa brashi kavu yenye rangi ya kahawia iliyochanganywa na kijani kidogo nikapaka ndani ya kila kunjo, chini ya kila rinda, kwenye kila mshono, mahali ambapo vumbi lingejificha. Ukilitazama kwa karibu mchana linaonekana limechorwa kama katuni. Ukikaa safu ya kumi linaonekana limeoza. Mtu wa taa naye akakubali kupunguza kaharabu na kuweka ubaridi kidogo kutoka pembeni. Tulielewana haraka kuliko nilivyotegemea, alikuwa mtu mwenye masikio.

Moto ndio niliougombania kweli. Katika sura ya 49 gauni linashika moto unaowaka chumbani mwake na Pip anamzimia kwa koti lake na kitambaa cha mezani, anaungua mikono. Mtu mmoja kwenye kikundi, sitasema nani, alipendekeza mshumaa halisi "kwa mbali". Nikasema mshumaa ukiingia, gauni linatoka. Nikawasimulia kuhusu Fanny, mke wa mshairi Longfellow wa Marekani. Julai 1861, riwaya hii ikiwa bado inatoka kila wiki, nguo yake ilishika moto nyumbani, akafa siku iliyofuata, na mumewe aliungua akijaribu kumzima. Ile ilikuwa nguo ya kukaa nayo nyumbani tu, na sisi tuna mita tisa za pamba iliyokwanguliwa kwa msasa, na chini yake polista ambayo haiungui tu, inayeyuka na kugandia ngozi. Mjadala ukaisha.

Tukafanya kwa taa nyekundu na kwa nguo. Sketi ya juu inatoka kwa mkupuo mmoja, na chini yake kuna nyingine niliyokwisha kuiunguza kabla, nje, ikiwa imelowa, ndoo ya maji pembeni, pande kwa pande. Pip anamfunika, anavuta, na akimwachia tunaona nguo nyeusi iliyochanika. Mara ya kwanza niliifunga kwa velkro. Ukumbi uko kimya, mwanamke anaungua, kijana anavuta, na sauti inayosikika ni *krrrraaap*, kama mtoto anavua raba. Waigizaji wote walianguka kwa kicheko, marehemu mtarajiwa akiwa wa kwanza. Nikatoa velkro nikaweka vifungo vya chuma vya kubonyeza, saba, ambavyo vinaachia kwa mlio mdogo unaofichwa na kelele za Pip.

Maua, shela na vito havikunipa tabu. Shela ni lesi ya nailoni iliyozamishwa kwenye chai iliyobaki. Wigi halikuwa jukumu langu, namshukuru Mungu.

Siku ya mazoezi ya mwisho nilikaa katikati ya ukumbi. Ilipofika pale pa moyo, mwigizaji aliweka kiganja kimoja juu ya kingine upande wa kushoto, akabonyeza. Kile kifua kigumu nilichokishona kwa ajili ya mwanamke mwingine kikabonyea ndani kama kopo. Kulikuwa na shimo pale, shimo kabisa, viganja vyake vimezama ndani. Akasema neno lake. Akaondoa mikono. Na kitambaa kikabaki kimebonyea, kikahesabu sekunde mbili hivi, halafu kikajirudia taratibu, kikavimba tena kikawa titi la msichana. Sikulipanga hilo, ni ile gundi ya kola ilivyoamua. Mwongozaji aligeuka akanitafuta gizani kwa macho. Hakusema kitu, na mimi nikajifanya napanga pini zangu.

Usiku wa onyesho la kwanza nilikaa safu ya nyuma. Pazia likafunguka, yuko kwenye kiti, mwanga uko sawa, watu wametulia. Akasimama, akachukua fimbo, akaanza kuzunguka meza akichechemea, na mwili wangu wote ukafa ganzi. Mguu mtupu ulikuwa wa kulia. Kule nyuma, kwenye giza la chumba cha kuvalia, alikuwa amezivaa soksi kinyume. Ile iliyochanika nyayo ikaingia mguu wa kulia, na yeye kwa uaminifu kabisa akaacha kiatu cha mguu uliochanika. Kwa hiyo pindo langu safi la kulia likawa linaburuta sakafu na pindo langu la ndevu la kushoto likawa linaning'inia juu ya kisigino kizuri. Saa mbili na dakika kumi nilitazama miguu tu. Hadithi ilivyokwisha siijui.

Hakuna mtu hata mmoja aliyegundua. Nilizunguka baadaye nikiuliza kwa mafumbo, nikaambulia pongezi. Mwigizaji nilipomwambia alicheka hadi akajishika ubavu, gauni likabonyea tena.

Kabla ya onyesho la pili nilikaa na sindano nikaitia soksi ya kushoto mishono mitatu ya uzi mwekundu, kwa ndani, juu kabisa karibu na goti, mahali ambapo vidole vyake vitaigusa hata gizani.